Vitu Nilivyokwaruzia Ulimi

Kama sasa hivi umesimama mbele ya kioo, mdomo wazi, na umeona kitu cheupe kwa ulimi ambacho wiki iliyopita hakikuwa hapo, nakuomba usikimbilie kijiko. Usikimbilie mswaki pia. Mimi nilikimbilia vyote, na zaidi, na ndio maana naandika hii. Wakati nilikuwa mgonjwa niliandika tu vitu vya hasira kwa dayari, ati nani ameniangalia vibaya, nani ameosha kikombe mara mbili baada yangu. Hizo sitaziweka zote hapa. Zingine hata sina uhakika zilitokea.

Naitwa Nasimiyu. Nyumbani kwetu ni karibu na Chwele, kule Bungoma, lakini nilipomaliza fomu foo nilienda Kitale kukaa na ndugu yangu mkubwa, Wekesa. Wekesa alikuwa na kisiagi cha kusaga mahindi kando ya njia ya kuingia Kipsongo, na bibi yake, tunamwita Mama Brayo, alikuwa ametoka kujifungua. Mpango ulikuwa mimi nisimamie kisiagi mchana, jioni nimshikie mtoto, na nikipata nafasi ya koleji Wekesa anisaidie. Kila mtu alikuwa anafaidika. Mpango mzuri namna hiyo sai nikiuona naanza kuuliza umeficha nini.

Shida ilianza na kifua. Watu walikuwa wamemaliza kupukuchua mahindi na kila mmoja analeta gunia lake, na ndani ya kisiagi unga unaruka mpaka kope zako zinakuwa nyeupe kama za mzee. Nikaanza kukohoa, halafu kifua kikaanza kupiga filimbi. Usiku naketi badala ya kulala. Wekesa akanipeleka kliniki fulani mjini. Tulikaa kwa benchi tangu asubuhi, na tulipoingia daktari hata hakukaa chini. Akasikiliza mgongo, akasema asma, akaandika. Kwa dirisha la dawa nikapewa pampu mbili za kuvuta kwa mdomo. Ya bluu ni ya wakati kifua kimebana. Ya rangi ya udongo ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata kama nasikia niko sawa.

"Unavuta, unashikilia pumzi, unaachilia," yule wa dirisha akasema. "Haya, mwingine."

Nilivuta. Na nilivuta kwa heshima, kwa sababu mimi nimelelewa na Kukhu, nyanya yangu, na kwa Kukhu dawa iko na sheria. Akikuchemshia ile mizizi yake ya uchungu, ukishameza hakuna maji, hakuna chai, hakuna hata kutema mate mpaka jua lisonge. "Ukisukutua mdomo umeitupa kwa mchanga," anasema. Kwetu mtoto anajua hiyo kabla hajajua kusoma. Kwa hivyo pampu ya jioni nikishavuta nafunga mdomo, nalala na ladha yake mpaka asubuhi. Nilijiona mgonjwa mwenye adabu kabisa.

Kifua kikafunguka. Mvua ya kupanda ilipoanza nilikuwa nainua debe kama mwanaume. Halafu siku moja nikinywa chai nikasikia ni kama nimelamba pamba. Chai ina ladha ya bati. Nikachukua kioo cha Mama Brayo, nikatoa ulimi. Huko nyuma, na kando kando, kulikuwa na mabaka meupe, kama yale mabaki ya maziwa ya mgando yanabaki kwa kibuyu.

Nikafikiria ni uchafu. Si ndio mtu anafikiria? Nikachukua mswaki wangu, ule wa nyuzi ngumu, nikasugua kama naosha kola ya shati. Nyeupe ilitoka. Chini yake kukawa kwekundu, kunachoma, na mate yakawa na damu. Jioni nyeupe imerudi, na sasa imeleta wenzake.

Hapo ndio nikaanza kutafuta kifaa. Najua inaonekana ujinga, lakini ukiwa na kitu kwa mwili ambacho kinatoka ukikikwaruza, akili inakwambia shida ni kifaa. Nikaenda kwa kijiko. Kijiko cha chai, unakigeuza, unavuta kutoka nyuma kuja mbele. Ukweli ni kwamba kijiko kinashinda mswaki mbali sana: hakichomi, hakikufanyi utapike, na kinabeba kile kitu vizuri unakiona. Shida ya kijiko ni kwamba kila mtu kwa nyumba anakijua.

Mama Brayo alinikuta nyuma ya nyumba, kwa pipa la maji, niko kazini.

"Nasimiyu. Unafanya nini na kijiko yangu?"

"Nasafisha tu ulimi."

"Ulimi uko na nini?"

"Hakuna kitu."

"Hebu toa nione."

Nikatoa. Aliinama kuangalia, halafu akarudi nyuma hatua moja, akambana mtoto kifuani kama mtu anaona gari inakuja. "Hiyo kijiko usirudishe," akasema. "Kaa nayo."

Akaingia ndani na mtoto. Na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua anafikiria nini. Miaka ile nani hakujua? Ukikonda kidogo, umekanyaga waya, yaani una ukimwi. Ukipata vidonda kwa midomo, umekanyaga waya. Na mdomo mweupe ndio ulikuwa ushahidi mkubwa, watu walikuwa wanaunong'oneza kwa matanga: "Hata mdomo ulikuwa umebadilika." Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo juu ya mtu.

Kuanzia siku hiyo sikubeba mtoto tena. Hakuna mtu alinikataza. Jioni nikifika, Brayo anakuwa ameshalala, ama anaoshwa, ama yuko kwa jirani. Na mimi nilikuwa na swali moja tu, ni huo ugonjwa ama si huo, na sikutaka kulijibu. Nilikuwa na rafiki mwaka wa mwisho wa shule. Hiyo inatosha, si lazima nieleze. Usiku nalala nikihesabu yeye alikuwa amekohoa lini, alikuwa amekonda lini. Hakuwa amekonda. Lakini ukitafuta utapata.

Wakati wa palizi ya kwanza nilikuwa nimeshajaribu mswaki wa mti, ule unatafuna ncha mpaka inakuwa brashi. Kwa meno ni mzuri. Kwa ulimi usijaribu, zile nyuzi zinabaki huko nyuma na utakohoa mpaka machozi. Nikaenda kemisti wakaniuzia kitu cha plastiki kama reki ndogo, iko na meno. Kinapita juu ya mabaka kinaacha mistari, ulimi unaonekana kama shamba limepigwa plau. Halafu duka moja la Mhindi pale mjini, mama mwenye duka alinisikia nikiuliza, akatoa kitu chake cha shaba kimepindwa kama kiatu cha farasi. "Sisi asubuhi kila siku hii," akasema. "Polepole, na maji." Kile cha shaba kilikuwa kifaa kizuri kuliko vyote, naweza kuapa. Ni laini, kinapita mara moja, unakiosha kinang'aa. Kwa mtu mzima wa afya ningesema nunua hicho na usinunue kingine. Lakini mimi sikufanya polepole. Nilikuwa na haraka ya kupona. Nikakwaruza asubuhi, mchana, jioni, na kila mara chini kunabaki kidonda na kesho yake nyeupe imerudi kukalia kile kidonda.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kushuku kitu kingine. Mbona nilikuwa mzima nyumbani na nikaharibika hapa? Nani anapika? Nani anaweka chai? Mama Brayo ni wa kutoka mlimani, Elgon, na mimi sikuwa najua watu wake. Tangu mwanzo hakunipenda sana, hivyo niliona. Sasa nikaanza kuangalia mikono yake kwa jikoni.

Siku moja, mchana, kisiagi kilikuwa kimeharibika mkanda kwa hivyo nilikuwa nyumbani. Akaleta chai, vikombe viwili, akaweka changu mbele yangu, chake upande wake. Mtoto akalia chumbani, akaenda. Nikabadilisha vikombe haraka. Nikasema kama kuna kitu, ataonja mwenyewe.

Akarudi. Akakaa. Akaangalia kikombe chake. Hakunywa. Akaangalia changu.

"Umeguza hii?" akaniuliza.

"Nimeguza nini?"

"Hii kikombe ilikuwa na alama hapa kwa mkono. Hii ni yako."

"Basi chukua yako."

"Sichukui kama umeshakunywa."

"Sijakunywa! Kwani wewe kwa nini hutaki kunywa hiyo? Umeweka nini?"

"Mimi?" Akainuka. "Mimi niweke nini? Wewe ndio unataka nikunywe kwa mdomo yako!"

Tukakaa hivyo. Hakuna aliyekunywa. Chai ikapoa ikaanza kuweka ngozi juu. Tulikuwa tunaangalia vikombe kama watu wanangojea mshtakiwa aseme. Wekesa akaingia na grisi mpaka kwa viwiko, akaona vikombe viwili vimejaa, akasema, "Eh, leo mmenikumbuka," akanywa cha kwanza, akanywa cha pili, akapangusa mdomo, akatoka kurudi kwa mkanda wake.

Mama Brayo akaanza kucheka. Mimi pia. Halafu yeye akaanza kulia, na hapo sikujua nifanye nini, nikaingia chumbani. Ni Wekesa aliniambia baadaye, tukifunga kisiagi, kwamba dada yake Mama Brayo, yule walizaliwa wakifuatana, alianza hivyo hivyo kwa mdomo, na ni Mama Brayo alikuwa anamlisha mpaka akafa. "Haogopi wewe," Wekesa akasema. "Anaogopa kurudi pale." Nilimsikia. Lakini mtu mwenye shaka husikia na bado anaangalia chai.

Wekesa akasema niende zahanati. Nikaenda, nikakaa kwa benchi kati ya akina mama wa kliniki ya watoto ili watu wafikirie nimeleta mtoto wa mtu. Nesi aliangalia ulimi kwa tochi. Akauliza nimeolewa? Niko na boifrendi? Wangapi? Halafu akachukua pamba, akaitumbukiza kwa ile dawa ya zambarau, akanipaka mdomo wote mpaka kwa midomo ya nje. "Ukapimwe," akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kabisa.

Kama unajua hiyo dawa ya zambarau unajua haitoki. Haioshwi. Nilitembea kutoka zahanati mpaka kisiagi na mkono kwa mdomo. Inasaidia kidogo, sitasema uongo, kuchoma kulipungua. Lakini kwa mtaa wetu rangi hiyo ilikuwa kama kuvaa bango. Siku iliyofuata mama mmoja mteja wetu wa kila siku alikuja na ndoo ya mahindi, nikasema karibu, akaona midomo.

"Wekesa hayuko?" akauliza.

"Hayuko. Lete nisage."

"Wacha tu. Nitarudi."

Hakurudi. Wengi hawakurudi. Walikuwa wanapita na ndoo kichwani kwenda kile kisiagi kingine cha juu, wananisalimia vizuri kabisa. "Sasa Nasimiyu! Unaendeleaje?" Hiyo salamu tamu ndio ilikuwa mbaya kuliko matusi. Kijana mmoja mpakiaji, hata si wa kwetu, akaniita mbele ya watu, "We zambarau, dereva wa lori amekuachia nini?" Wakacheka. Nilimrushia kipimo cha bati. Nilikosa.

Wakati mahindi yanaanza kutoa ndevu, Wekesa alinifungia mizigo. Alisema ni nipumzike kidogo, hewa ya nyumbani ni safi. Hakuniangalia akisema hivyo. Nami nilijua koleji imeisha, na kama ni ule ugonjwa basi ananirudisha nikafie kwa mama. Mama Brayo aliniwekea mkate kwa mfuko na hakutoka nje.

Nyumbani kulikuwa na Mayi, yaani mama yangu, na Kukhu. Mayi aliniangalia mara moja akaanza kupika kuku. Huyo ndiye mama yangu, habari ikiwa mbaya anakimbilia kuku. Kukhu hakuwa na haraka. Akanikalisha kwa jua, akasema fungua, akashika kidevu na vidole vyake vigumu.

"Ng'ombe ikikataa kula inakuwa hivi," akasema.

"Kukhu, mimi si ng'ombe."

"Ulimi ni ulimi."

Akaenda kwa ua akarudi na yale majani yanakwaruza kama msasa, yale tunasugulia ng'ombe ulimi na chumvi wakati imekataa nyasi. Nilikubali. Unajua ni kwa nini nilikubali? Kwa sababu Kukhu alinishika bila kuogopa. Alikuwa mtu wa kwanza tangu msimu wa kupanda kuingiza kidole kwa mdomo wangu bila kukiangalia baadaye. Alisugua mara mbili nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia, na Mayi akaja na mwiko.

"Mama, unaua mtoto!"

"Nasafisha."

"Unasafisha nini, angalia damu!"

Hayo majani ni ya ng'ombe. Naandika wazi ili mtu mwingine asipitie hapo. Kwa siku kadhaa sikula kitu ila uji wa baridi, na nyeupe ikarudi ikiwa nene kuliko ya Kitale. Na bado kila asubuhi na jioni nilikuwa navuta pampu yangu ya udongo na kufunga mdomo vizuri, na Kukhu ananisifu, "Huyu anajua kutunza dawa."

Mayi ndiye alisema imetosha. Tulienda Bungoma mjini, hospitali, asubuhi na mapema. Sikutaja VCT, pale wanapima ule ugonjwa, yeye pia hakutaja, lakini tulikuwa tumevaa kama watu wanaenda kanisani.

Benchi la kungoja pale lilikuwa nje, chini ya mabati, limenyooka kutoka mlango wa maabara mpaka kwa bomba. Kila mtu alikuwa anajifanya amekuja malaria. Karibu na mimi kulikuwa na mama mmoja, mwembamba, mwenye leso nzuri, na midomo yake ilikuwa ya zambarau kama yangu ilivyokuwa. Alinitazama nikifunika mdomo.

"Wewe pia walikupaka?" akauliza.

Nilikaza mkono pale pale kwa mdomo.

"Mimi bwana yangu aliniuliza kama nimekula zambarau bila kumwachia," akasema, akacheka peke yake. Halafu akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba yeye anajua yake, ameanza zile dawa, na tangu aanze anaamka anataka kula. Akasema, "Ulimi usikwaruze kama sufuria. Kitambaa laini, kiloweshe, uzungushe kwa kidole, upanguse. Basi. Ni ngozi hiyo." Aliongea nami kama mtu anaongea na mtu. Nilipoitwa aligusa goti langu. Nilikuwa nimekaa muda wote nikisogea kidogo kidogo mbali naye, na aliona, na bado aligusa goti.

Walinitoa damu kwa kidole. Kijana wa ushauri akaniambia nikae, akaongea mambo mengi ambayo sikusikia hata moja, nilikuwa naangalia kile kipande cha karatasi chenye mistari kwa meza. Halafu akasema haina. Sina. Akasema nirudi baada ya miezi mitatu kuhakikisha.

Ungefikiria nilifurahi. Nilimuuliza kama ana uhakika hajachanganya na ya mtu mwingine. Akanionyesha. Nikamuuliza mbona basi anatabasamu hivyo, si hivyo ndivyo wanafunzwa kutabasamu kwa kila mtu? Akasema, "Dada, pia mimi nafurahi wakati mwingine." Nikatoka. Mayi aliangalia uso wangu na hakuelewa, kwa sababu uso wangu haukuwa na kitu. Nikamwambia. Aliketi chini kwa simenti na nguo yake ya kanisani. "Sasa ni nini?" akasema. "Kama si hiyo, ni nini inakula mtoto wangu?"

Hilo swali ndilo lilitupeleka kwa mlango wa mwisho. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, anaandika bila kuinua kichwa. Akasema fungua. Akaangalia. Akauliza natumia dawa gani.

"Hakuna. Ya kifua tu."

"Ya kifua gani?"

Nikatoa pampu kwa mfuko. Akaacha kuandika. "Hebu vuta kama unavyovuta nyumbani. Usiniambie, fanya."

Nikafanya. Nikavuta, nikashikilia pumzi, nikaachilia, nikafunga mdomo, nikaweka mikono kwa mapaja.

Akangoja. Mimi pia nikangoja.

"Halafu?" akasema.

"Halafu nini?"

"Maji."

"Maji ya nini?"

"Ya kusukutua, mama. Unavuta, halafu unasukutua mdomo, unatema. Hii dawa ni ya kifua. Ikikaa kwa ulimi inaotesha hiyo nyeupe. Hawakukwambia?"

Mayi alikuwa amesimama kwa mlango. "Lakini daktari, akisukutua si anatupa dawa?"

"Hatupi. Iliyoenda kifuani imeenda."

Tukaangaliana na Mayi. Miezi yote hiyo. Kemisti waliniuzia reki, zahanati wakaniuliza nimelala na nani. Hakuna hata mmoja aliuliza navuta nini. Na mimi kila jioni nilikuwa natunza sumu yangu mwenyewe kwa mdomo uliofungwa, huku nachunguza chai ya mke wa ndugu yangu.

Nilipewa dawa ya matone ya manjano. Na usicheke: hiyo ndiyo ya kushikilia kwa mdomo, unaizungusha, unameza, hunywi maji kwanza. Kwa hivyo moja ya kutema na moja ya kutunza. Kukhu alipoelezwa alikataa kata kata.

"Ile ya kuvuta anaitema?"

"Ndio, Kukhu."

"Na hii ya matone hatemi?"

"Hatemi."

"Hao madaktari wameamua kutuchezea," akasema. Lakini jioni hiyo alikuja mwenyewe na kikombe cha maji, akasimama juu yangu mpaka nikasukutua, akiangalia yale maji yakiingia kwa mchanga kama mtu anazika kitu cha bei.

Kifaa nilibaki na kile cha huyo mama wa benchi: kitambaa laini kilicholoweshwa. Mara moja kwa siku, kidole kimoja, bila nguvu. Kile cha shaba nilikiweka mpaka vidonda vikauke. Nyeupe ilianza kupungua kutoka mbele kwenda nyuma. Siku moja nikang'ata hindi la kuchoma nikasikia utamu, utamu kabisa, wa hindi, nikamwita Mayi kutoka shambani kumwambia na alipofika nilikuwa nimemaliza.

Miezi mitatu ilipofika nilirudi kupima, ikawa vile vile. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mambo ya tohara. Mwezi wa nane vijana walikuwa wanazunguka na njuga zao wakialika watu, na binamu yangu alikuwa mmoja wao, kwa hivyo boma lote lilijaa. Wekesa alikuja kutoka Kitale na Mama Brayo na mtoto. Jamaa walikuja kutoka hata Lwakhakha. Na kila mtu, naapa kila mtu, alikuwa amesikia juu ya ulimi wangu. Mayi alikuwa ametangaza majibu yangu kwa soko lote la Chwele, na nikasikia kwamba watu wakasema, "Majibu si unaweza kununua."

Chakula kilipowekwa, sisi wanawake tulikaa kwa mkeka kuzunguka sinia moja kubwa ya ugali na nyama. Nikanawa, nikakaa. Nikanyoosha mkono. Senge, dada ya baba yangu, mkubwa wetu sote, akaweka mkono wake juu ya sinia.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mimi sina ubaya. Lakini sisi tunakula pamoja hapa. Toa ulimi tuone."

Mayi akaanza kufungua mdomo, nikamgusa asiongee. Ulimi wangu ulikuwa safi. Ulikuwa mwekundu mzuri, nilikuwa nimeuangalia asubuhi hiyo hiyo. Ningeutoa tu, mambo yaishe, Senge akubali, tule. Nilikuwa nimeshautoa kwa Mama Brayo, kwa nesi, kwa kemisti, kwa mama wa duka, kwa Kukhu, kwa jirani aliyekuja tu kuomba moto.

"Senge," nikasema, "toa wako kwanza."

"Nini?"

"Si tunakula pamoja? Toa wako. Halafu Mayi. Halafu huyu. Tuzunguke sinia yote, mimi nitakuwa wa mwisho."

Mtu alicheka akajifanya amekohoa. Senge anaweka ugoro mdomoni tangu sijazaliwa, na kila mtu pale alijua rangi ya mdomo wake. Alinitazama muda mrefu. Mkono wangu niliuacha pale pale, karibu na ugali. Kisha Mama Brayo, ambaye alikuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni, akapita katikati ya watu, akakaa kwa mkeka karibu na mimi, akamega, akachovya mchuzi upande wangu wa sinia, akala. Hakuniangalia. Akamega tena.

Senge akainuka, akakunja leso yake, akaenda kukaa na wazee upande ule mwingine. Wawili walimfuata. Wengine wakasogea kujaza nafasi, na tukala.